Baba, Barua ya Nkambo Ilisema Nini?

Kwako Baba, hapo ulipozikwa nyuma ya misheni,

Mwanzoni niliandika "mpendwa", kisha nikalikata neno hilo. Sitaki kukudanganya hata kwa neno moja, maana nyumba yetu imekwisha kula uongo wa kutosha.

Wiki iliyopita wazee wa kanisa walikuja kuniomba niandike ukurasa mmoja wa kukusifu, usomwe Jumapili utakapotimiza mwaka. "Weye njo mutoto wake wa kwanza, na uko mwalimu," mmoja aliniambia. "Andika mambo ya muzuri, bantu bamukumbuke." Nimekaa mbele ya karatasi siku tatu. Mambo mazuri yapo, na nitayasema. Lakini kuna lile jingine limenikaa kooni, na nisipolitoa, hayo mazuri hayapiti.

Nilimwomba Mama ruhusa kwanza. Nilimwomba kwa Kiluba, bila kupunguza chochote: nikiandika habari za barua ile, na za chumba cha Mama Furaha, yule mshauri wa kanisa, na watu wakazisoma, atakubali? Alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Alifikiri kidogo akasema, "Andika uliyoyaona na uliyoyasikia wewe. Niliyoyasema bila wewe kuwapo, hayo ni yangu." Kwa hiyo naandika yangu tu, na yale aliyoniruhusu.

Nianze na uzuri, nisije nikasahau kwa hasira. Ulikuwa ukinipandisha mbele kwenye kinga yako, ile baiskeli nyeusi, tukienda gare, kwenye stesheni ya treni, asubuhi. Karani wa gare katika Kamina hii alikuwa mtu, na mimi nilijiona mtoto wa mtu. Ulinifundisha kusoma kwenye karatasi zilizobandikwa ubavuni mwa mabehewa: Bukama, Lubumbashi, Ilebo. Nilijua kusoma "Ilebo" kabla sijajua kuandika "Banza", jina langu mwenyewe. Nikikosea hukunipiga. Ulikuwa unaweka kidole chini ya herufi na kungoja, hata kama mkuu wako alikuwa anakuita.

Na alasiri, ukishatoka kazini, baraza letu lilikuwa linajaa watu wenye barua. Nusu ya mtaa haikujua kusoma, nawe uliwasomea wote. Wake za askari walikuja kwa miguu toka Base, kambi ya jeshi, wamefunga barua kwenye ncha ya kikwembe, wanawake waliozaliwa Ekwateri na Bandundu, ambao hawakuwa na ndugu hata mmoja huku kwetu. Namkumbuka mke wa sajini mmoja. Uliisoma barua yake kimya kwanza, ukavua miwani, ukaniambia nilete kiti chenye mgongo. Ulimkalisha. Ukamwambia kwa Kilingala, polepole, kwamba kaka yake amefariki. Ukamwacha alie mpaka akanyamaza mwenyewe. Kisha ukamsomea barua yote tangu mwanzo, hata salamu za majirani, hata habari ya mbuzi aliyepotea. Nilikuuliza kwa nini ulimsomea mpaka ya mbuzi wakati anamlilia kaka yake. Ukasema, "Barua ni yake. Minyi niko paka macho."

Wewe mwenyewe ulisema hivyo, Baba, kwamba wewe ni macho tu. Kwa hiyo huwezi kuniambia hukujua. Kama ungekuwa mtu asiyejua namna ya kusoma kifo, ningekusamehe mapema. Ulijua kuliko mtu yeyote katika mji huu. Uliwafanyia wageni haki, na ulipofika zamu ya mke wako ukafunga mlango.

Barua kutoka Mulongo, kwao Mama, ililetwa na yule mama wa samaki, aliyekuwa akipanda treni Bukama na vikapu vyake vya samaki wa kukaushwa. Ilitoka kwa Nkambo, mama yake Mama. Ilifika wiki moja kabla ya mkutano mkubwa wa kanisa, ule ambapo ulitakiwa kusimikwa kuwa kiongozi wa walei. Wageni wanne walipangiwa kulala kwetu. Ulikuwa umeshonesha abakosti mpya, ile suti isiyovaliwa tai, na kuta za mbele zilikuwa zimepakwa chokaa. Mama hakujua kusoma. Kiswahili chake kilikuwa cha soko tu: kusalimu, kuuliza bei, kukataa. Mambo yake yote ya moyoni yalikuwa ndani ya Kiluba. Alikuletea karatasi ile barazani, kama mtaa mzima ulivyokuletea za kwao, ukamsomea.

Mimi nilikuwa darasani nafundisha. Niliporudi nilimkuta Mama anatwanga huku anaimba. "Nkambo wako anatusalimu," akaniambia. "Wote wazima. Anauliza kama mihogo yetu imekubali." Nilikuomba niione barua, ukasema umeiweka. Sikuuliza tena. Sikuwa na sababu ya kutokuamini.

Ulitunga hata la mihogo. Nimelifikiria jambo hilo kuliko mengine yote. Kuficha ni kitu kimoja. Lakini ulitafuta kitu ambacho Nkambo angekiuliza kweli, kwa sauti yake, ili Mama amsikie na atulie. Ulimfahamu vizuri mama mkwe wako, na ufahamu huo ukautumia kumzibia mtoto wake masikio.

Mkutano ulipita. Ulisimikwa. Mama alipika kuku na bukari, ule ugali wetu, kwa wageni wako, akafua mashuka yao, na ulipokuwa unapita katikati ya kanisa alipiga vigelegele kuliko wanawake wote. Wageni waliondoka Jumatatu, nawe uliwasindikiza gare.

Yule mama wa samaki alirudi mwishoni mwa mwezi. Akamkuta Mama sokoni, akamkumbatia akilia, akamwambia, "Dada, tulikungojea na maiti siku mbili. Tulijua uko njiani." Mama alirudi nyumbani kapu tupu. Wewe ulikuwa barazani unamsomea mtu. Alingoja mpaka yule mtu akaondoka, ndipo akakuuliza kwa Kiluba, nami nilikuwa mlangoni nikasikia: "Barua ile ilisema nini?"

"Salamu," ukasema.

"Barua ile ilisema nini?"

"Ilisema anaumwa kidogo. Sikutaka uhangaike, na wageni walikuwa wanakuja."

"Iko wapi?"

Uliitazama mbabula, jiko letu la makaa.

Tangu siku hiyo aliacha kusema nawe. Alipika chakula chetu sisi watoto, chako hakukipika. Aliacha kwenda kanisani. Alikaa nyuma ya jikoni, uso umeelekea ukuta wa lupango, ua wetu, tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Majirani walisema amerogwa, wengine wakasema kifo cha mama yake kimempiga kichwani. Wewe uliwaacha waseme. Kiongozi wa walei ambaye mke wake haonekani kanisani: hilo ndilo lililokuuma. Mchungaji, ambaye hukumwambia lililotokea, alikushauri kwa nia njema umpeleke Mama kwa Mama Furaha, aliyekuwa amefungua chumba cha ushauri kando ya dispansari. Ulikubali upesi. Ulifikiri ni mwanamke wa kanisa atakayemkemea mke wako kwa upole kuliko wewe.

Na kwa kuwa Mama Furaha alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, asiyejua neno la Kiluba, ulisema mimi nitakuwa mkalimani. Tulikwenda kwa miguu, Mama ametangulia. Ulinishika mkono wa shati. "Mambo ya nyumba ni ya nyumba," ulisema. "Weye uko mwalimu. Unajua kupanga maneno."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina darasa langu na mshahara wangu. Sikuwa mtoto. Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Unakikumbuka chumba kile. Viti viwili na vingine viwili vya kuazima, mtungi wa maji, dirisha lenye pazia la maua. Biblia ilikuwa juu ya rafu, imefungwa, na nilikuona unaitazama, unangoja ifunguliwe. Mama Furaha alikuwa muuguzi kabla hajaenda kusomea ushauri. Alikuwa na mikono ya muuguzi, mikavu na safi.

"Kabla hatujaanza niwaambie mtakachopata hapa na msichopata," alisema. "Mimi ni Mkristo, na kazi hii naifanya kwa imani yangu. Lakini hapa si baraza la wazee. Sikati kesi. Sitamwambia Mama afanye nini. Sitaomba mpaka mtu aniambie niombe. Atakayoyasema yatabaki hapa. Nikiona kuna uhai wa mtu ulio hatarini, hapo sitaweza kunyamaza, lakini yeye mwenyewe nitamwambia kwanza. Na hatutamaliza leo. Huenda ikachukua miezi."

"Miezi?" ulisema. "Minyi nilizani ni kumushauria tu, arudie mu kazi ya nyumba."

"Ushauri si kumrudisha mtu kazini, Baba."

Maneno yake yote nilimtafsiria Mama vizuri. Huko sikuwa na la kuficha. Nilimwona Mama ananyoosha mgongo. Mama Furaha akamwuliza, "Mama, unataka tuanzie wapi?" Na Mama, aliyekuwa amekaa kimya zaidi ya mwezi, akaanza.

"Mama yangu aliniita, na mwanaume huyu akanisomea mihogo," alisema. "Nilipika kuku za wageni wake nikiimba, huku mama yangu anageuza macho mlangoni. Namwuliza barua ilisema nini, hanijibu. Sitaki aniombe radhi. Nataka maneno ya mama yangu. Yalitumwa kwangu. Yeye ameyaweka kichwani mwake kama kitu alichokiokota njiani, na kila siku anakula, analala, anaomba nayo, na mimi mwenye nayo sinayo."

Alisema zaidi ya hayo. Alisema mpaka akaishiwa pumzi. Kisha wote wakanitazama mimi.

Nikasema, "Anasema ana huzuni kwa sababu mama yake amefariki, na hakuweza kumwona."

Uliitikia kwa kichwa, kidogo tu, kama ulivyokuwa ukiitikia nilipoisoma "Ilebo" bila kukosea.

"Amesema hayo tu?" Mama Furaha aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Aliandika kitu kifupi kwenye daftari lake. Alhamisi iliyofuata alikuomba ungoje nje kwenye benchi.

"Minyi njo bwana yake," ulisema. "Nini atasema yenye minyi siwezi kusikia?"

"Sijui, Baba. Ndiyo maana nakuomba ungoje nje."

Ukatoka. Na hapa, Baba, hasira yangu inabidi inigeukie. Hukuwapo tena chumbani. Mlango ulikuwa umefungwa. Mama akasema yaleyale kwa maneno mafupi na makali zaidi, nami nikafungua mdomo na kurudia uongo wangu ule ule, kana kwamba bado umenishika mkono wa shati. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kiswahili cha soko kilimtosha kuhesabu maneno yangu na kuona yamepungua. Akanigeukia, na hakutumia Kiluba. Alitumia Kiswahili chake kidogo, ili yule mwanamke asikie.

"Na weye pia," alisema. "Na weye unanisomea mihogo."

Sijapigwa maishani kama nilivyopigwa siku ile. Nilitaka kusema ni wewe uliyeniambia. Mama Furaha aliweka kalamu chini. Hakunikaripia. Aliuvuta mkono wa Mama, akauweka kati ya mikono yake, akasema kwa Kiswahili chepesi kabisa, polepole, "Mama, nimekosa. Mimi. Haifai kumtumia mtoto wako. Nilikuwa na haraka. Nipe siku saba nitafute mwingine, na wewe utasema kama unamtaka."

Sijawahi kumsikia mtu wa kanisa, mwenye cheo na chumba chake, akimwambia mwanamke asiyejua kusoma kwamba amekosa. Kwako sikulisikia neno hilo mpaka kifo.

Aliyepatikana ni Mama Kabange, yule mkunga mzee wa maternite. Mama aliulizwa, akakubali. Kila Alhamisi wanawake watatu walifunga mlango ule. Mwanzoni ulikuwa unakaa kwenye benchi, sikio limesimama, ukisema unamngoja mke wako. Kisha siku moja baada ya ibada ulimfuata Mama Kabange pembeni. Hamkujua kwamba nilikuwa nyuma yenu nafunga kamba za viatu.

"Banasema nini mule ndani?" ulimwuliza.

"Baba Banza, minyi nilizalisha batoto bako bote," alisema. "Ulilia kwa sauti wakati Banza alizaliwa, mpaka nikakutosha inje. Ulisikia muntu moja mu Kamina anazungumuza ile neno?"

"Hapana."

"Basi."

Ndivyo nilivyojua kwamba ulilia nilipozaliwa. Sijui nilifanyie nini jambo hilo. Lingekuwa rahisi zaidi kukukasirikia kama nisingelisikia.

Mimi nami niliomba kwenda. Mama Furaha alisema kwanza atamwuliza Mama, na Mama alikubali, lakini siku nyingine na saa nyingine, na maneno ya huku yasivuke kwenda kule. Nilikwenda nikiwa na matarajio yangu. Nilidhani ataniambia niheshimu baba na mama, kisha aniombee, kisha nirudi nyumbani mwepesi. Alinipa maji, akaniuliza, "Unataka kumwambia nini baba yako?" Nikasema sina la kumwambia. Akangoja. Nikasema nataka kuvunja kitu. Akauliza kitu gani. Nikasema miwani yake. Hakushtuka, wala hakucheka.

Niliporudi mara ya nne nilimwuliza kwa nini haniambii nikusamehe. Si ndiyo kazi yake?

"Msamaha naamini upo," alisema. "Lakini nikikuharakisha, utanipa mimi neno zuri, na baba yako hutampa kitu. Uliza moyo wako kama uko tayari. Mimi nitakuwapo hata kama haujawa."

Siku moja nilimwomba aombe. Nilikaza mabega, maana nilishazoea maombi yanayonisengenya mbele ya Mungu: "Bwana, mfundishe kijana huyu utii." Yeye alisema maneno machache tu, kwamba Banza amechoka na ana hasira, na kwamba Mungu anayasikia yote mawili. Akasema amina. Nililia njia yote ya kurudi, na nikiwa na miaka ishirini na miwili nilimlaani mwanaume aliyenifundisha kusoma.

Tulipokaribia majira ya mvua Mama alikuwa anakula vizuri, anacheka na Mama Kabange, amerudi kwenye kwaya ya wanawake. Lakini kuna kimoja alichokitaka bado, na aliruhusu nikiandike. Alimwomba Mama Furaha akuite, uketi mbele yake, useme barua ilisema nini. Si kutubu. Kusema tu, tangu mwanzo, kama ulivyomsomea mke wa sajini.

Ulikwenda. Ulivaa abakosti ile ile na kubeba Biblia yako. Ulirudi umeridhika, ukatuambia mezani, "Nilibapatia Maandiko saa nzima." Mama alikuwa amekuuliza mara moja tu, nawe ulijibu, "Sikumbuke."

Hukumbuki. Karani aliyejua kichwani namba za mabehewa yaliyopita gare miaka kumi nyuma. Mtu aliyekumbuka barua za mtaa mzima, nani ana deni la mbuzi wapi. Nilikutazama ukimega bukari, na kama Mama Furaha asingenifundisha kwamba naweza kusimama na kutoka nje, ningekuaibisha mbele ya wadogo zangu. Nilisimama nikatoka nje.

Baadaye nilimwuliza Mama Furaha kama ushauri wake umeshindwa. Alisema, "Siwezi kuyarudisha maneno ya Nkambo. Hilo sikumwahidi mama yako, na nilimwambia mapema. Ninachoweza ni kukaa naye ili asiwe peke yake akiyakosa." Nilikasirika na jibu hilo. Siku hizi naona ndilo jibu pekee lisilokuwa na uongo nililowahi kupewa katika jambo hili.

Miaka michache baadaye mwili wako ukafa upande mmoja. Ulianguka gare, wakakuleta kwenye mkokoteni wa mizigo. Mama ndiye aliyekuogesha na kukulisha, na hakuna aliyemlazimisha. Watu walisema tazama, amesamehe. Mimi sijui. Hilo liko ndani ya chumba cha Alhamisi. Ninachojua ni nilichokiona hospitalini, asubuhi, dirisha limefunguliwa. Mama alikuinamia, akakuuliza kwa mara ya mwisho, kwa sauti ya mtu anayemwuliza mwenzake kama ana baridi: "Barua ile ilisema nini?" Uligeuza uso ukutani. Nilijifariji kwamba ulimi wako umekufa, huwezi kusema. Baada ya muda ukasema, "Maji." Tulikuelewa wote. Mama akakunywesha.

Ulikufa Jumamosi. Walikusifu sana.

Sasa nikuambie lililotokea mwezi uliopita, maana hukulijua, na ndilo linalonifanya niandike. Mama alisema anataka kwenda kumlilia mama yake Mulongo. Tulipanda treni mpaka Bukama, toka Bukama tukateremka Lualaba kwa mashua siku tatu, kati ya matete na mitumbwi ya wavuvi. Tulilia kaburini. Ndipo Mama akauliza ni nani aliyemwandikia Nkambo barua ile. Wakatuonyesha mwalimu mmoja mzee aliyestaafu, anayefuma nyavu mbele ya nyumba yake.

Wewe hukufikiria kwamba barua ina watu wawili, aliyeisoma na aliyeiandika.

Mzee aliikumbuka. Alisema Nkambo alimfanya amrudishie kuisoma mara tatu, kwa sababu hakuamini kwamba karatasi imeyashika maneno yake. Alimsemesha Mama moja kwa moja kwa Kiluba, na mimi nilikaa pembeni kimya, sikuwa na kazi pale. Hivi ndivyo barua ilivyosema:

"Mwanangu, naumwa, na sidhani nitapona. Sikuiti uje kunizika, watu wa kuzika wapo. Nakuita uje ukae nami. Nasikia mume wako anapewa kazi ya kanisa na mtapokea wageni. Usimwaibishe. Wapikie wageni wake, na wakishaondoka, uje. Bado nina nguvu. Nitakungojea."

Mama alimwomba mzee arudie. Akarudia. Akamwomba tena.

Baba, niliinuka nikaenda mtoni, nikasimama kwenye matope mpaka miguu ikafa ganzi. Miaka yote hii nilidhani uliwekwa kati ya mke wako na heshima yako, ukachagua heshima. Kumbe hukuwekwa kati ya chochote. Mwanamke anayekufa alikuwa ameshakupangia kila kitu. Alikupa mkutano wako, kuku zako, vigelegele vyako, akaomba kilichobaki. Na wewe uliyasoma hayo. Ulijua. Ungeweza kumwambia Mama Jumatatu jioni, ukitoka kuwasindikiza, na kesho yake angepanda treni. Nkambo aliishi karibu majuma mawili baada ya wageni wako kuondoka. Niliuliza, wakanihesabia.

Najua kwa nini hukusema. Ungelazimika kukiri kwamba ile mihogo uliitunga. Ulimwacha mama yake afe anatazama mlango, ili wewe usiitwe mwongo kwa muda wa jioni moja.

Jumapili nitasimama kanisani. Nitawaambia habari za kinga, za "Ilebo", za mke wa sajini na kiti chenye mgongo, kwa kuwa ni kweli. Kisha nitawaambia habari hii, kwa kuwa nayo ni kweli, na Mama amesema atakaa mbele. Wazee wakinikatiza, nitawapa karatasi waimalizie wenyewe.

Mama Furaha aliniuliza wiki iliyopita kama niko tayari kukusamehe. Hapana, aliniuliza kama nimeuuliza moyo wangu. Nimeuuliza. Bado. Sikutakii mabaya huko uliko. Kama umekutana na Nkambo, kaa naye. Msikilize mpaka amalize, hata kama ni miezi, na usimpunguzie neno.

Nakuacha hapo, Baba. Naenda kumwona Mama.

Mtoto wako wa kwanza, uliyemlilia